Mstari Ulionyooka Mno

"Nitazame mimi, usitazame ukuta," Inspekta alisema. "Ukuta hauna jibu lako."

Opereta akageuza uso. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, na shati lake la kazi lilikuwa limejikunja kwa kulaliwa rumande. Kesho yake alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kosa la kumjeruhi mtu kwa makusudi. Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye wote kiwandani walimwita Mrefu. Mrefu alikuwa hospitali, amelala kifudifudi, mgongo umeungua kwa maji ya moto yaliyomwagika kutoka tangi la kiwanda.

"Skrini ya tangi ilikuwa inasema nini?"

"Sitini, afande. Asilimia sitini."

"Tangi linamwagika."

"Ndiyo."

"Na skrini inasema sitini."

"Hata mimi ningekuwa wewe nisingeniamini."

Inspekta akavuta kiti karibu. "Wakati wa chai ulimwambia shemeji yako, kantini nzima ikisikia, kwamba jua halizami kabla hajakujua wewe ni nani. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa sababu gani?"

"Mama mkwe." Opereta akashusha pumzi. "Shemeji alitaka mama ahamie kwetu. Nikamwambia nyumba ni ndogo. Akasema nyumba si ndogo, ila roho yangu. Mbele ya watu, afande! Habari za mama mkwe mtu unazipeleka kantini?"

"Swichi ya pampu tuliikuta kwenye Mkono, ya kuendeshwa na mtu, si kwenye Auto, inapojiendesha. Mkuu wangu anasema uliitoa kwenye Auto ili ulijaze tangi mwenyewe, shemeji yako akipita chini."

"Niliigeuza ili niizime pampu! Kwenye Auto kile kitufe cha kuzima hakikusikii. Unakibonyeza, pampu inakutazama tu. Lazima uende Mkono kwanza."

Inspekta aliinuka, akaagiza mtu huyo apewe chai, akaondoka.

* * *

Kiwanda kilikuwa cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Mashine za kufulia zilijipanga upande mmoja wa ukumbi, kila moja na ukubwa wa gari dogo. Juu yake, kwenye jukwaa la chuma, lilikaa tangi la maji moto. Chini ya tangi palikuwa na njia ya kusukumia mikokoteni ya mashuka. Hapo ndipo Mrefu alipokuwa akipita saa ya chakula cha mchana, wenzake wameshakwenda kula.

Injinia alimpokea Inspekta mlangoni mwa chumba cha skrini. Yeye ndiye aliyebuni mfumo mzima wa kuendesha mitambo pale, na bado ulikuwa mpya. Alikuwa nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya mtu aliyezoea kueleza.

"Sijui kama nitaweza kuusaidia upelelezi wako, afande. Nilishaandika maelezo."

"Nimeyasoma. Sikuyaelewa. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekuja kununua."

Hilo lilimpendeza. Akafungua kabati la chuma lililojaa nyaya, zimepangwa kwa rangi.

"Mfumo wowote wa kuendesha mitambo una kazi tatu: kuona, kuamua na kutenda. Juu ya tangi kuna kihisi. Kinapiga mawimbi chini, yanagonga maji, yanarudi, kinajua maji yamefika wapi. Hayo ndiyo macho. Namba inakuja hapa," akagonga kisanduku cha kijivu katikati ya nyaya, "kwenye kidhibiti. Hiki ndicho kichwa. Maji yakishuka hadi arobaini, kinaiambia pampu ianze. Yakifika tisini, kinaiambia isimame. Pampu ndiyo mikono."

"Na opereta?"

"Anatazama skrini. Jambo likienda mrama, anaingilia."

"Nani alikiambia kidhibiti kwamba ni arobaini na tisini?"

"Ah!" Injinia akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hayo ndiyo masharti ya mfumo. Kabla hujanunua hata waya mmoja, unaandika mfumo unatakiwa ufanye nini. Watu wengi wanaandika ovyo. Wanaandika 'tangi lisimwagike'. Hilo si sharti, hilo ni ombi. Sharti lazima lipimike."

"Kama kumwambia mtoto 'uwe na adabu', na kumwambia 'saa moja uwe ndani'."

"Hasa! Saa moja unaipima. Adabu utaipimaje?"

"Kwangu inapimika," Inspekta alisema, "lakini endelea. Kihisi kikiharibika?"

"Nimeshalifikiria. Waya ukikatika, pampu inasimama na king'ora kinalia. Hilo sharti moja. Namba ikirukaruka kupita kiasi, king'ora kinalia. Hilo la pili. La tatu wengi hawalijui, nalo ndilo ninalojivunia. Namba isipotikisika kabisa huku pampu inafanya kazi, mfumo unahesabu kwamba kihisi kimekufa kimya. Maji hayatulii, afande. Mashine zinavuta, pampu inaongeza, lazima namba icheze japo kidogo. Ikigoma kucheza kwa dakika mbili, pampu inasimama."

"Na yote yamejaribiwa?"

"Moja baada ya jingine, mbele ya mwenye kiwanda."

"Vizuri. Basi ndiyo maana unasema opereta ni mwongo."

Injinia akafunga kabati polepole. "Sikutumia neno hilo. Nilisema kihisi ni kizima. Wenzako walikipima siku ile ile, kikasoma sawasawa na maji yaliyokuwa tangini. Na kwamba wale wawili walikuwa wamekosana si siri."

Inspekta akaketi mbele ya skrini. "Nionyeshe tangi wiki nzima iliyopita. Najua mashine inakumbuka."

Mchoro ukatokea, mstari wa bluu uliotoka kushoto kwenda kulia. Siku zote za wiki ulipanda na kushuka, umejaa vijino vidogovidogo kama msumeno. Akausogeza hadi siku ya ajali. Asubuhi vijino vilikuwa vikubwa, vinapanda na kushuka kwa fujo. Kisha, kabla ya saa ya chai, fujo ikakatika. Mstari ukalala kwenye sitini. Haukuwa na jino hata moja, umenyooka kana kwamba mtu ameweka rula.

Inspekta akausogelea hadi pua ikakaribia kioo.

"Mashine zilikuwa zinafua wakati huu?"

"Zote."

"Zinavuta maji."

"Ndiyo."

"Na mstari haupumui." Akasogeza kidole mbele. Saa ya chakula ikapita. Pampu ikazimwa, alama yake nyekundu ilionyesha. Mstari ukaendelea kulala, kisha, kitambo baada ya pampu kuzimwa, ukaruka wima kutoka sitini hadi tisini na nane. "Hapa maji yaliongezeka ghafla. Yaliongezwa na nani, pampu imezimwa?"

Injinia alikuwa amesimama nyuma yake. Inspekta hakumwona uso, alisikia tu kalamu ikibonyezwa, ta, ta.

"Mvuke," alisema. "Mfuniko wa tangi haukai sawa, mvuke unapanda unakipiga kihisi. Kitakuwa kiliganda, halafu kikazinduka."

"Kitakuwa," Inspekta alirudia. "Ngoja kwanza nikawaone wanaokunja mashuka."

* * *

Mezani walikuwa wanawake wawili tu, wengine wako kwenye pasi. Mkubwa wao alikuwa na mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi.

"Kaa hapo, mwanangu, lakini usinisimamishie kazi. Shika ncha hiyo."

Inspekta akashika ncha ya shuka. Wakakunja pamoja.

"Wewe ulisikia wakigombana?"

"Nani hakusikia? Mrefu ana sauti ya kuuzia samaki. Lakini nikuambie, wale wakigombana asubuhi, jioni wanaenda nyumbani kwa baiskeli moja. Vuta huko, unalegeza."

"Siku hiyo kulikuwa na jambo jingine la ajabu?"

"Ajabu lilikuwa kelele. King'ora kile cha tangi kililia tangu tunaingia. Tuliziba masikio kwa pamba. Huyu," akamwonyesha mwenzake kwa kidevu, "nilikuwa namwambia nipe sabuni, ananiletea chai."

"Ulisema chai!" mwenzake alidakia.

"Nilisema sabuni. Halafu wageni wakaingia, wale wenye suti waliokuja kuuona mfumo wa injinia wetu. Nikasema leo ataumbuka, mfumo wenyewe unalia kama mtoto aliyenyimwa. Afande, wageni walipofika mlangoni, kimya! Pwaa, kama umekata kwa mkasi. Tukamshukuru Mungu."

"Injinia alipanda kwenye tangi kukitengeneza?"

"Apande na viatu vile? Alitoka chumbani kwake na kile kikompyuta chake kwapani, anacheka, anasema nimeshalitengeneza tatizo."

Inspekta akamalizia kukunja, akaliweka shuka juu ya jingine. Yule mama akalitazama, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

"Usinielewe vibaya," alisema, "ila hili linaenda hospitali."

* * *

"Tunayajaribu masharti yako," Inspekta alimwambia Injinia. "Yote matatu. Na kitufe."

"Sasa hivi? Tutasimamisha kazi."

"Kesho asubuhi mtu anasimama mbele ya hakimu. Tusimamishe kazi."

Walianza na kitufe kwa kuwa kilikuwa karibu. Pampu ilikuwa kwenye Auto, inanguruma. Inspekta akabonyeza kitufe chekundu cha kuzima. Pampu ikaendelea kunguruma. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba, akakishikilia. Wapi. Akageuza swichi kwenda Mkono, akabonyeza mara moja tu. Pampu ikazima.

"Hilo ni kawaida," Injinia alisema. "Kwenye Auto amri inatoka kwa kidhibiti."

"Najua. Opereta alinieleza asubuhi. Mkuu wangu ndiye hajui."

Inspekta akairudisha swichi kwenye Auto, pampu ikaanza tena, wakapanda ngazi ya jukwaa. Joto lilikuwa la kukaanga. Inspekta alivua koti, akalifunga kiunoni, akamwomba Injinia achomoe waya wa kihisi. Pampu chini ikanyamaza na king'ora kikapasua masikio. Alipourudisha, kikanyamaza, pampu ikaanza tena.

"La kwanza limefaulu. Sasa mvuke."

Wakausogeza mfuniko hadi mvuke ukapanda moja kwa moja kwenye kihisi. Kwenye skrini ndogo ya jukwaani namba zikaanza kucheza: hamsini, themanini, thelathini, sabini na tano. King'ora kikalia tena.

"La pili limefaulu," Inspekta alisema kwa sauti ya juu. "Mvuke unaichezesha namba. Hauigandishi."

Injinia akaufunga mfuniko. Jasho lilimchuruzika, lakini kule juu kila mtu angetoka jasho.

"La tatu," Inspekta alisema. "Ulilonisifia. Kihisi kione kitu kisichotikisika."

Kulikuwa na ubao wa kukanyagia pembeni. Wakauweka chini ya kihisi, wakaushikilia kila mtu upande wake, kama watu wanaobeba meza. Namba ikasimama kwenye hamsini na tano. Pampu ikaendelea kunguruma. Walikaa hivyo, ubao katikati yao. Inspekta alikuwa na wakati wa kutosha wa kuuangalia uso wa yule mtu, naye Injinia akawa anaangalia misumari ya ubao.

King'ora kikalia. Pampu ikasimama.

"Mfumo mzuri," Inspekta alisema walipoushusha ubao, na alimaanisha. "Waya ukikatika, unapiga kelele. Mvuke ukija, unapiga kelele. Kihisi kikifa kimya, unapiga kelele. Siku ya ajali namba ilikaa sitini tangu kabla ya chai hadi baada ya mtu kuungua, na mfumo haukusema neno. Basi haikuwa waya, haikuwa mvuke, haikuwa kihisi. Nitajie kitu cha nne."

"Sijui."

"Tatizo ulilitengenezaje, wageni walipokuja? Hukupanda huku."

Chini, mashine moja ilikuwa inamaliza kuzungusha, inapunguza mwendo. Injinia alisubiri hadi ikasimama kabisa.

"Kuna namna," alisema. "Mwenye neno la siri anaweza kukiambia kidhibiti kisikisikilize kihisi. Unakipa namba ya kubandika, kinaishika hiyo. Tunaitumia wakati wa kufunga mitambo, kabla vihisi havijawekwa. Ukishabandika namba, yale masharti yote hayafanyi kazi, maana yanakagua kihisi tu, nacho hakisikilizwi tena."

"Ukabandika sitini."

"Kwa nusu saa tu! Wageni wangekuja, wangeona, wangeondoka, ningeitoa. King'ora kinalia, afande, ningewaambia nini watu wa kununua mfumo?"

"Wakaondoka."

"Wakasema twende tukale, tuzungumze. Nikaenda nao." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Pampu ilikuwa inafanya kazi nilipoibandika. Ikiona sitini haina sababu ya kusimama. Mashine zilipokuwa zinafua, zilikuwa zinayanywa yale maji. Zilipozimwa saa ya chakula..."

"Maji hayakuwa na pa kwenda. Na bomba la kutolea maji yanayozidi?"

"Jembamba. Pampu inalishinda."

"Ukarudi ukakuta watu wanapiga kelele."

"Nilikuta opereta anatolewa na walinzi, tayari wanasema amemuua shemeji yake. Nikaingia, nikaiona ile sitini. Nikaiondoa. Sikupanga, afande. Niliiondoa kama unavyookota kitu ulichoangusha."

"Kisha ukaja kwetu ukaandika kwamba kihisi ni kizima."

"Ni kizima."

"Ni kizima," Inspekta alikubali. "Ulijua opereta anasema kweli kuhusu sitini. Wewe peke yako ndiye uliyejua. Na ulimwacha alale ndani."

Injinia alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, kalamu zake mbili bado mfukoni.

"Ningeweka sharti moja tu," alisema, akijisemea. "Namba ya kubandika iwake nyekundu kwenye skrini, na ijifute yenyewe baada ya muda. Ni kazi ya asubuhi moja. Nilifikiria kila kitakachoharibika."

"Isipokuwa wewe. Simama, tushuke. Utayasema yote hayo tena, yakiandikwa."

* * *

Mke wa opereta alikuwa kwenye benchi la korido ya wodi, chombo cha chakula mapajani. Alipomwona Inspekta hakuinuka.

"Kaka amekunywa uji," alisema. "Hiyo habari nyingine ya huko kwenu usinieleze. Sitaki kusikia jina la mume wangu."

Huyu ndiye aliyemfanya mkuu wa kituo aone kesi imekaa sawa. Alikuja mwenyewe, siku ya ajali, akaeleza kwamba hata nyumbani mumewe alikuwa akisema kaka yake atajuta.

"Hakufanya," Inspekta alisema, akaketi. Kisha akamweleza, kwa maneno machache, bila kupamba: namba, wageni, pampu, saa ya chakula. Mwanamke alisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa chombo kwa mikono miwili.

"Lakini yale maneno aliyasema. Sikumzulia."

"Aliyasema. Hukudanganya."

"Nilikuwa namsikia kaka analia, afande. Mtu mzima analia kama mtoto. Ningewaza nini?" Akaubana mfuniko. "Yale maelezo yangu, nichanie."

"Hayachanwi. Utaandika mengine, na yale yatakaa palepale."

"Kwa hiyo atayaona."

"Ameshasomewa. Ni haki yake."

Muuguzi alipita na kitoroli. Mwanamke akamwachia njia kwa kuvuta miguu, kisha akasimama, akaweka chombo cha chakula kwenye benchi, akakichukua tena.

"Anatoka saa ngapi?"

"Nikifika kituoni, na mkuu akitia saini."

"Basi twende wote. Asije akasikia njiani kwamba nimejua halafu sikuja."

Kituoni Inspekta alikaa na mkuu wake mlango umefungwa, si kwa muda mrefu. Mkuu aliuliza swali moja tu, kuhusu kitufe, naye akamjibu.

Opereta aliletwa kaunta mshipi mkononi na viatu havina kamba. Alimwona mkewe kabla hajafika mlangoni, akasimama. Polisi wa kaunta alimsukumia kamba za viatu, naye Opereta akaketi kwenye benchi la wageni kuzitia, tundu moja moja.

Mkewe alimkaribia, akabaki amesimama.

"Nilisema ni wewe," alisema.

"Najua. Walinisomea."

Inspekta alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Ulikuwa wakati wa kuondoka, lakini mlango ulikuwa upande wao.

Opereta alimaliza kiatu kimoja, akakivuta cha pili. Hakuinua kichwa.

"Mgongo wa shemeji," aliuliza, "anaweza kulala?"

Mkewe alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya kituo, akamnyang'anya kamba, akaanza kumfunga kiatu.